Umehamia Kigoma na huna gari: namna ya kujipanga ufike kazini kila siku

Barua ya uhamisho ikitoka, watu huuliza habari za nyumba, za umeme, na kama migebuka, samaki wa ziwani, kweli ni rahisi kama wanavyosikia. Usafiri wa kila siku huulizwa mwisho, mara nyingi kodi ya miezi sita ikiwa imeshalipwa. Ndipo mtu anagundua kwamba nyumba aliyoisifia kwa unafuu iko juu ya kilima ambacho daladala haipandi, na kila asubuhi anaianza kwa kubishana bei na bodaboda. Fanya kinyume chake. Anza na barabara, nyumba ifuate, halafu ndipo ufikirie chombo cha kupanda.

Hatua ya 1: Ijue barabara kabla hujaijua mitaa

Manispaa ya Kigoma-Ujiji, kama jina lake linavyokwambia, ni miji miwili. Kigoma mjini iko chini kwenye ghuba, reli inapoishia. Jengo la stesheni ni la enzi za Wajerumani, na reli yenyewe ilifika hapa mwaka 1914. Ujiji iko kusini, kama kilomita 8, nao ni mji wa zamani zaidi: mji wa misafara, wa minazi na miembe, na ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Kati ya miji hiyo miwili, juu, ndiko kuna Mwanga.

Mwanga ndiyo ya kuishika. Ukitoka stesheni, barabara kuu inapanda kilima mpaka Mwanga, na hapo ndipo njia zinapoachana: moja inashuka Ujiji, nyingine inaelekea Gungu, Masanga, Mwandiga na hatimaye Kasulu. Karibu kila safari ndani ya manispaa ama inapita Mwanga au inabadilisha gari Mwanga. Yapo matawi machache yasiyoihitaji, hasa Kibirizi, ambayo iko kaskazini ya mjini kandokando ya ziwa, na Bangwe hadi Katonga upande wa kusini wa ghuba. Hayo yana daladala zake, ila ni chache.

Sasa kazi ya kufanya. Jumamosi moja usiyo na haraka, nenda mbele ya stesheni, panda gari la Ujiji, kaa dirishani, na usishuke mpaka mwisho wa ruti. Rudi na gari lingine. Kesho yake fanya hivyohivyo kwa ruti ya Mwandiga. Usiangalie simu. Sikiliza konda anataja nini kila gari linaposimama, kwa sababu majina ya vituo hayajaandikwa popote. Yamo vinywani mwa makonda na abiria. Kituo kinaweza kuitwa kwa jina la sheli, msikiti, mti, au duka lililofungwa zamani. Ukiyajua majina hayo hakuna atakayekuambia "umeshapita, shuka utembee".

Hatua ya 2: Rekebisha saa ya kichwani

Hili halisemwi, na mgeni kutoka Dar es Salaam au Tanga linampiga wiki ya kwanza. Tanzania nzima inatumia saa moja, lakini jua halijui hilo. Kigoma iko magharibi kabisa, kwa hiyo jua linachelewa kuchomoza zaidi ya nusu saa ukilinganisha na pwani. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati Dar kumeshapambazuka, huku bado ni giza. Jioni nayo inarefuka: saa kumi na mbili na nusu bado unaona njia vizuri.

Kiusafiri maana yake ni hii. Ofisi za serikali zinafungua saa moja na nusu, na shule nazo zinaanza mapema. Gari la kwanza unalolihitaji utalisubiri gizani au kwenye mwanga hafifu. Ukiishi ndani sana, kutembea hadi barabarani saa kumi na mbili si jambo la kumwambia binti wa kidato cha kwanza alifanye peke yake. Mpe mwenzake wa kutembea naye, au hama karibu na lami. Upande wa jioni mambo ni mepesi. Ukitoka kazini saa tisa na nusu unao muda wa kupita sokoni Mwanga, kununua dagaa, na kufika nyumbani bado kweupe.

Hatua ya 3: Chagua nyumba kwa kituo, kodi baadaye

Hapa ndipo pesa zinapookolewa au kupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dalali atakwambia nyumba iko "dakika tano tu kutoka barabarani". Dakika hizo ni za pikipiki. Mwombe muitembee kwa miguu, wewe na yeye, kutoka mlangoni hadi kituoni, mkiwa mmeangalia saa. Nimeona madalali wakikataa katakata. Ukikataliwa umeshajibiwa.

Halafu piga hesabu ya vipande vya safari. Nyumba iliyo kando ya ruti inakutaka vipande viwili kwa siku: kwenda na kurudi. Nyumba iliyo ndani inakutaka vinne: boda hadi lami, daladala, daladala, boda. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni tofauti ya vipande 44 kwa mwezi, na vipande vinavyoongezeka ni vya bodaboda, ambavyo ndivyo ghali. Zidisha kwa bei ya boda ya mtaa huo, kisha uongeze jibu kwenye kodi. Nyumba nyingi za "bei poa" za pembezoni hupoteza unafuu wake hapohapo kwenye karatasi.

Jambo la pili ni uelekeo. Asubuhi watu wengi wanaingia mjini: wanashuka kutoka Ujiji, Mwanga na Gungu kwenda ofisini, bandarini, sokoni, Hospitali ya Maweni. Ukiishi Mwanga na kufanya kazi mjini, utakuwa unaenda na mkondo. Magari ni mengi ila yamejaa, na mara nyingi utasimama. Ukiishi mjini na kufanya kazi Ujiji, unakwenda kinyume: siti unapata bila shida, lakini gari linakaa stesheni likisubiri kujaa, na konda anaita mpaka sauti inakauka. Kigoma haina foleni za kukaa saa mbili. Muda wetu unaliwa na gari lisiloondoka. Kama kazi yako ina kitabu cha mahudhurio chenye mstari mwekundu, usitegemee gari la kupakia mwisho wa ruti. Tembea kituo kimoja au viwili mbele ulidake njiani.

Kwa maoni yangu, mtu asiye na gari na ambaye bado hajajua kituo chake cha kazi kitabadilika lini, apange Mwanga au kandokando ya barabara ya Mwanga–Gungu. Kuna kelele, muziki wa Ijumaa hautakuuliza kama una mtihani, na kodi iko juu kidogo. Lakini kutoka hapo unaenda karibu kokote kwa gari moja. Ujiji ina utulivu na majirani wanaokujua kwa jina ndani ya wiki. Inamfaa zaidi mwenye kazi hukohuko. Bangwe ni pazuri mno kwa macho, ila daladala ni chache, na jioni ndiyo utaijua bei ya uzuri huo.

Hatua ya 4: Panda daladala kama mwenyeji

Uliza kwanza, panda baadaye. Swali si "unaenda Ujiji?" kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Uliza, "Kaka, unafika mwisho?" Jioni, au abiria wakiwa wachache, gari huweza kukatisha ruti: linawashusha Mwanga, linageuza kufuata abiria waliojaa upande mwingine. Leseni ya gari inataja ruti, na kukatisha ni kosa, lakini saa moja usiku kosa hilo halikufikishi nyumbani. Ukihisi dalili, usiharakishe kulipa. Lipa gari likishaivuka Mwanga. Kama umeshalipa na mnashushwa, simama mlangoni kwa upole udai urudishiwe pesa au konda awalipie gari la mbele. Wengi wanakubali, hasa abiria wakiongea pamoja.

Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, na nauli ya mwanafunzi aliyevaa sare ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Ukiwa mgeni, usimuulize konda nauli. Muulize mama aliyekaa pembeni yako, kwa sauti ya chini. Beba sarafu za 200 na 500 na noti za elfu. Ukitoa noti ya elfu kumi asubuhi, chenji utaambiwa "subiri", na subira hiyo mara nyingine inashuka na wewe kituoni bila pesa. Lipa namba ipo kila duka siku hizi, ila kwenye daladala pesa taslimu ndiyo lugha.

Mizigo ni sehemu ya maisha ya gari. Dumu la mawese lazima lifungwe vizuri na likae wima. Likimwagika, mnanuka wote hadi Ijumaa. Ndoo ya dagaa wabichi haikai siti ya mbele. Ukiwa na mzigo, kubaliana na konda kabla haujapanda juu, kwani mzigo hauna nauli elekezi, una maelewano.

Unapokaribia kushuka, sema mapema: "Konda, kituo cha mbele shusha." Kwa dereva mwenye haraka, mlango ukichelewa kufunguliwa umeshapelekwa mbele. Ukikuta wazee ndani, salamu kwanza. Shikamoo inatosha, ila ukijaribu "mwakeye", salamu ya Kiha, lugha ya wenyeji, hata kwa lafudhi mbovu, utasogezewa nafasi.

Hatua ya 5: Bajaji na bodaboda, kwa kiasi

Bajaji inafaa mkiwa wawili au watatu mnaotoka mtaa mmoja kwenda ofisi moja. Inaruhusiwa abiria watatu nyuma. Wa nne anayekaa ubavuni mwa dereva anamzuia kushika usukani sawasawa, na Kigoma ni mji wa miteremko. Chukueni namba ya dereva mmoja, mpatane kwa mwezi, mlipe kwa wiki. Ukilipa mwezi mzima mwanzoni, tarehe 20 dereva atakuwa na mteja mwingine.

Bodaboda ni ya kipande kifupi: kutoka lami hadi mlangoni, au umechelewa na huna njia. Bei patana kabla hujapanda. Sema unapokwenda kwa alama, "pale msikitini, nyumba ya geti la bluu", si kwa jina la mtaa, maana mtaa ni mkubwa na ukifika utaambiwa uongeze. Dai kofia ngumu. Kama hana, kijiwe kile kina wengine. Mshikaki, yaani kupakiwa wawili nyuma, kwenye mteremko wa kushuka mjini mvua ikiwa imenyesha, ni kamari ya mifupa.

Kuwa na namba za boda wawili wa mtaani kwako, watu unaowaona kijiweni kila siku na ambao mwenye nyumba wako anawajua. Wa pili ni kwa siku ambayo wa kwanza ana msiba au pikipiki imerudishwa kwa tajiri wake. Usiku chukua hao tu, usipunge mkono barabarani.

Hatua ya 6: Ukipangiwa kijiji cha mwambao

Wapo walimu, wahudumu wa afya na maofisa wanaodhani wamehamia Kigoma mjini, kumbe barua inasema Mtanga, Mwamgongo au Kagunga. Huko njia ya kawaida ni ziwa, na stendi yake ni Kibirizi.

Boti za mbao zenye mashine zinafuata mwendo wa watu wa vijijini. Asubuhi na mapema zinashusha abiria na bidhaa zao Kibirizi, mchana zinarudi kaskazini zikiwa na watu waliomaliza shughuli zao, saruji, mafuta ya kula, soda na magodoro. Zinapita mbele ya Hifadhi ya Gombe zikienda. Kwa hiyo mtu wa kijijini anaweza kuja mjini akarudi siku hiyohiyo; mtu wa mjini kwenda kijijini na kurudi siku moja ni vigumu. Usijidanganye kwamba utaishi Mwanga na kufundisha Mwamgongo. Tafuta chumba kijijini, uje mjini mwisho wa wiki, na kabla hujapanga safari ya Jumapili uliza kama kuna boti, kwani siku hiyo usafiri hupungua sana.

Kabla ya kupanda, fanya mambo haya kwa mpangilio huu. Angalia maji yamefika wapi kwenye ubavu wa boti. Ikiwa imezama sana na bado wanapakia, shuka usubiri nyingine hata kama mwenye boti anakucheka. Omba jaketi okozi, uivae hapohapo ufukweni, usiikalie. Simu na vyeti vifunge kwenye mfuko wa plastiki. Usikae karibu na mashine ukiwa na mtoto. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na nchi kavu unayoiona karibu si karibu. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mawimbi yanaweza kuchachamaa wakati wowote. Nahodha akisema leo haondoki, mshukuru, usimbembeleze.

Hata asiyepanda boti inafaa ajue mwezi uko wapi angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi gizani. Siku za giza, mialo (mahali boti zinaposhusha samaki) ya Kibirizi na Katonga inajaa alfajiri: akina mama wenye ndoo, wachuuzi, boda wakigombea mizigo. Asubuhi hizo, ukikaa upande huo, boda hatakuona wewe mwenye mkoba wa kompyuta. Atamwona mwenye ndoo tano. Toka mapema zaidi. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika, mialo inapoa, na bei ya boda inashuka bila wewe kuomba. Ndivyo inavyokuwa pia uvuvi unapofungwa kwa amri, kama mwaka 2024, ambapo ziwa lilipumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti.

Hatua ya 7: Masika yetu si masika ya pwani

Mvua za Kigoma huanza kuelekea mwisho wa mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, zikaenda hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Ni msimu mmoja mrefu. Barabara kuu za lami hazina tatizo kubwa. Tatizo ni njia za udongo mwekundu zinazopanda vilimani. Boda watagoma kupanda baadhi ya mitaa, au watapanda kwa bei mara mbili. Beba malapa kwenye mfuko, viatu vya ofisi vivae kituoni. Weka nguo za kubadilisha ofisini.

Maji ya ziwa nayo yamepanda katika miaka hii ya karibuni na kuingia kwenye maeneo ya ufukweni, Kibirizi ikiwemo. Nyumba ya chini kabisa karibu na maji, hata kama ni kavu siku unayoiona, waulize majirani maji yalifika wapi. Watakuonyesha alama ukutani.

Hatua ya 8: Safari za kutoka nje ya mji

Mabasi ya mikoani yanaondokea Stendi ya Masanga, nje ya mji ukishapita Gungu. Mengi yanaondoka alfajiri, saa ambayo daladala hakuna, na tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo unaweza pia kushushwa saa nane za usiku. Pande zote mbili dawa ni moja: yule dereva wa bajaji wa hatua ya tano. Mpigie jana yake, mthibitishie tena kabla ya kulala. Ukishushwa usiku bila kumpanga mtu, kaa ndani ya stendi penye taa na watu mpaka kupambazuke, na kumbuka kupambazuka kwetu kunachelewa.

Treni inaanzia palepale mjini, haina daladala ya alfajiri ya kutafuta, nayo inakupeleka Tabora ambako njia ya Mwanza inachepuka. Haiendi kila siku. Ratiba ibandikwayo stesheni ndiyo ya kuamini. Iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp mara nyingi ni ya mwaka juzi.

Ukizidishiwa nauli, ukikatishiwa ruti mara kwa mara au ukinyimwa tiketi na basi la mkoani, andika hapohapo vitu vinne: namba ya gari, ruti, saa, na mahali. Vipeleke LATRA au kwa askari wa usalama barabarani. Bila namba ya gari utasikilizwa kwa upole na kurudi nyumbani. Ipige picha kabla hujaanza kubishana, kwa sababu ukianza kubishana gari linaondoka.